Buyu na mabuyu

Kibandani Baba Dogo, mtaa wa Nairobi, ukiitisha mabuyu utapewa kipakiti cha mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari na rangi. Vidole na ulimi hubaki vyekundu. Watoto wengi mtaani huishia hapo: buyu lenyewe hawajaliona, kwani Nairobi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mbuyu hutaka joto la nyanda za chini, kama Kibwezi na Kilifi.

Buyu ni tunda zima, na pia ganda lake likitumika kuchotea maji. Umbo halitabiriki. Kuna la duara, kuna la yai, kuna refu lenye ncha. Ganda ni gumu, juu lina manyoya laini kama mahameli. Ndani, unga wa mti mmoja ni mtamu, wa mti jirani ni mkali hadi ufumbe macho. Yote hayo ni spishi moja, *Adansonia digitata*. Kwa hiyo kulifafanua buyu kuwa “tunda la mbuyu” tu hakutoshi.

Walimu, mkifundisha ngeli ya LI-YA, agizeni mabuyu mazima kutoka Kibwezi, ya maumbo tofauti, wanafunzi wayashike.