Mafiga, Debe na Pipa: Habari za Maji ya Moto Nyumbani katika Nchi ya Uluguru

Vitabu vya ufundi vya Ulaya na Marekani juu ya nyumba zinazotiwa joto kwa maji ya moto au kwa mvuke viliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za theluji. Humo husimuliwa habari za tanuru lililo chini ya nyumba, mabomba yapitayo kutani, na vyuma vipana vilivyosimama chini ya madirisha vikitoa joto usiku kucha. Msomaji wa Afrika ya Mashariki aghalabu huvifunga vitabu hivyo upesi, akidhani kwamba hapana neno ndani yake limhusulo. Walakini Tanganyika nayo ilikuwa na mtambo wake wa maji ya moto, wenye kanuni zile zile na maradhi yale yale, na hata jina la nchi ulichukua. Habari zake zimesahauliwa na wengi, labda kwa sababu mtambo wenyewe ulikuwa mbovu kwa sura, na waliouhudumia hawakuwa watu walioandika vitabu.

Mahali pazuri pa kuzianzia habari hizo ni Mkuyuni, katika njia itokayo Morogoro kwenda Matombo na Kisaki, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Jina hilo ni la mti, na mti huo ni jirani wa maji, kwa maana mkuyu hupenda kuota kandokando ya mito na mabonde yenye unyevu. Pepo za Bahari ya Hindi hufika upande huu zikiwa zimejaa maji, hupandishwa na milima, na huko juu humwaga mvua ipitayo milimita 2,500 kwa mwaka katika misitu ya vilele. Chini pana minazi, migomba na midalasini, na joto lisilohitaji moto wowote ila wa kupikia. Lakini mtu apandaye mlima kutwa nzima hufika jioni penye ukungu, mahali ambapo nguo haikauki na mtoto hulala akitetemeka. Hivyo nchi moja ina haja mbili, na swali la joto la nyumba si geni kwa wenyeji wake.

Jawabu lao lilikuwa mafiga. Mawe matatu yaliwekwa ndani ya nyumba, wala haikuwa kwa kukosa akili ya kuyaweka nje. Moto ule ule uliivisha chakula, ukawapasha joto waliolala, ukakausha mahindi yaliyotundikwa juu yake, na moshi wake ukafukuza wadudu walao paa la nyasi. Tena ulikausha kuni za kesho, jambo ambalo mkazi wa mji hawezi kulipima sawasawa: upande wa mashariki wa Uluguru mvua haina msimu wa kuisha kabisa, na kuni zilizoachwa nje hazishiki moto. Chungu cha maji kiliachwa pembeni mwa mafiga jioni, na maji yake yalikuwa ya kuogea mzee, mgonjwa na mtoto mchanga, na hasa ya kumkanda mwanamke aliyejifungua. Desturi hii ya kumkanda mzazi imeenea mwambao wote na bara, na katika nyumba nyingi ndiyo iliyofanya maji ya moto yahesabiwe kuwa dawa kabla ya kuwa starehe. Ubaya wa mafiga unajulikana. Macho na vifua vya wanawake vililipa gharama ya moshi, na sehemu kubwa ya joto la kuni ilipotea hewani.

Watu wa Ulaya waliupeleka moto mbali na watu, wakalileta joto lake kwa maji. Warumi wa kale walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu za bafu zao. Katika miaka ya 1830 Angier March Perkins, Mmarekani aliyekaa London, alitengeneza mitambo ya mabomba membamba yenye maji ya moto sana yaliyozunguka nyumba nzima. Mwaka 1882 mji wa New York ulianza kuuziwa mvuke uliopita chini ya barabara. Kanuni ni nyepesi. Maji yakipata moto hutanuka na kuwa mepesi, kwa hiyo hupanda. Yakipoa huwa mazito, hushuka. Na mabomba yakiwekwa kwa mwinamo unaofaa maji huzunguka yenyewe bila kusukumwa. Mvuke una nguvu zaidi na hatari zaidi, kwani lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,600 na kuzidi. Ikinyimwa nafasi hiyo, huitafuta yenyewe.

Kwa habari ya Waswahili, mabomba ya joto yaliwafikia kwanza kwa njia ya kuoga. Unguja, Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, alijenga mjini hamamu kubwa iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake. Hiyo ya mjini ilikuwa ya watu wote waliolipa, ikawa na vyumba vya joto na vya baridi, na ilifanya kazi hadi karibu na mwaka 1920. Lakini hamamu ni jengo la kwendewa. Mtu huenda, huoga, hurudi kwake. Maji ya moto ya nyumbani, yafikayo bafuni yenyewe, yalikuja bara kwa njia nyingine isiyo na fahari hata kidogo.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na pamoja nayo wakaja Wazungu wengi zaidi, Wajerumani kwanza kisha Waingereza. Mwaka 1911 Wajerumani walijenga nyumba ya mapumziko ya Morningside juu ya mji, wakikimbia joto la bondeni. Watu hawa walizoea kuoga maji ya moto kila jioni, na kwa muda mrefu maji hayo yalikuwa na mabomba ya miguu miwili, yaani mtumishi. Alichota, akachemsha jikoni, akabeba debe baada ya debe hadi bafu la bati. Debe ni galoni nne, karibu lita 18, na likijaa maji yanayotoa mvuke si mzigo wa kuchezea.

Kilichobadili kazi hiyo ni pipa la chuma. Hati za kulimiliki wazo la pipa la namna hiyo zilitolewa Marekani mwezi wa Desemba 1905 kwa Henry Wehrhahn, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Nellie Bly, yule mwandishi wa magazeti aliyeizunguka dunia. Pipa likafika Afrika limejaa mafuta ya motokaa, na mafuta yakiisha likabaki. Lina galoni 44, sawa na madebe 11 kamili. Mtu mmoja, asiyejulikana jina, aliona kwamba chombo hiki kikijengewa tanuru la matofali nyuma ya nyumba kingetosha bafu la jamaa nzima. Mtambo huo ulienea Kenya, Uganda na nchi za kusini. Wazungu wa huko Rhodesia waliuita kwa jina la nchi yao, lakini wengi waliuita boila la Tanganyika.

Ujenzi wake ulikuwa hivi. Pipa lililazwa au lilisimamishwa juu ya matofali, likaachiwa nafasi ya moto chini, na dohani nyuma. Tangi la maji ya baridi liliwekwa juu zaidi kuliko pipa, na bomba lake likaingia upande wa chini, ili maji ya baridi yasichanganyike na ya moto. Bomba la maji ya moto lilitoka juu kabisa ya pipa, likapenya ukuta hadi bafuni. Kisha palikuwa na bomba la tatu, ambalo mjenzi mvivu alitamani kuliacha: bomba la kupumulia, lililopanda wima kupita kimo cha tangi, na mdomo wake ukaachwa wazi. Anayefungua koki bafuni haoni kazi yake, lakini bila hilo pipa si chombo cha maji tena bali ni bomu.

Maradhi ya mtambo huu yalikuwa mengi, na ndiyo yenye elimu. Kama maji yalitoka kwa kukohoa, kisha yakakoma ilhali pipa limejaa, sababu ilikuwa hewa iliyokwama bombani, aghalabu mahali ambapo bomba lilipanda kidogo kisha likashuka kabla ya kuingia nyumbani. Hewa hukaa katika mgongo huo kama kizibo. Kulisukuma bomba kwa maji ya nguvu hupoza maradhi kwa siku moja; dawa yenyewe ni kuling'oa na kulilaza upya kwa mwinamo mmoja. Kama maji yalikuwa moto kisha ghafula yakawa vuguvugu, mara nyingi bomba la baridi lilikuwa limeingizwa juu mno. Wakati wa masika mito ya Uluguru hubeba udongo mwekundu, nao ulitulia kwenye kitako cha pipa; maji yasipokigusa tena chuma, chuma huiva na kutoboka. Maji laini ya mlimani hayaachi chokaa nyingi kama maji ya visima vingi vya tambarare, lakini hula chuma, hata maji ya kuogea yakawa na rangi ya chai. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuwasha moto wakati tangi ni kavu.

Mabwana wengi hawakuyajua haya. Walijua kulalamika tu. Aliyejua ni mtumishi aliyekoka moto saa kumi alasiri, aliyeupima ujoto kwa kugusa pipa kwa kiganja kutoka juu kwenda chini na kuona mpaka wa maji ya moto umefika wapi, na aliyetambua kwa mlio kama kinachochemka ndani ni maji au ni mvuke uliokosa njia. Katika karakana za reli mtu mwenye maarifa ya boila aliitwa fundi na kulipwa kama fundi. Nyuma ya nyumba, maarifa ya jinsi hiyo yalihesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya boi. Kumbukumbu za walowezi husifu wepesi wa kubuni wa watu wa siku hizo, na sifa hiyo si ya uongo, ila imewekwa upande mmoja tu wa ukuta wa bafu.

Tena pipa liliondoa kazi ya kubeba maji likaacha ile ya kubeba kuni. Hesabu yake si ngumu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za sentigredi hutaka joto lililomo katika kilo mbili hivi za kuni kavu. Lakini tanuru la matofali lisilofungwa vizuri hupoteza sehemu nne katika tano za joto lake, hivyo zikahitajika kilo kumi. Kilo kumi kila jioni ni zaidi ya tani tatu na nusu kwa mwaka, na hiyo ni nyumba moja.

Hapa ndipo habari za bafu zinapogusana na habari za mlima. Msitu utoao kuni ndio uhifadhio maji. Serikali ya Wajerumani ilitenga misitu ya juu ya Uluguru iwe hifadhi, na Waingereza wakaendelea. Mwaka 1950 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ambao uliwalazimisha wenyeji kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Walimaji waliambiwa kwamba wao ndio waharibifu wa udongo na wa mito. Uchungu ulizidi hata Julai 1955 ukazuka mgogoro huko Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukavunjika. Si haki kusema kwamba mapipa ya maji ya moto ndiyo yaliyomaliza msitu. Yalikuwa machache mno. Lakini katika mabishano ya miaka ile jembe la Mluguru lilitazamwa sana, na kuni za mji, za jiko la maskini na za pipa la bwana, zilitazamwa kidogo. Miaka minne baadaye, mwaka 1959, ulijengwa mtambo wa Ruvu Juu, na Dar es Salaam ikazidi kuutegemea mto ambao chanzo chake kimo katika misitu hiyo hiyo. Mwaka 2008 misitu ya kaskazini na kusini iliunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Umeme ulipoenea mijini mapipa yaliachwa yakaliwe na kutu, ingawa katika mashamba na kambi za mbali mengine bado huwashwa. Siku hizi juu ya mapaa ya hoteli na nyumba za wenye uwezo huonekana mitambo ya kupasha maji kwa jua: ubao mweusi chini, tangi juu yake. Maji hupata moto, huwa mepesi, hupanda, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, bila kuni na bila moshi. Kwa nchi yenye jua kama Morogoro ni ajabu kwamba si mingi zaidi, lakini bei yake haijamfikia mkulima wa mdalasini, na katika vijiji vya juu, penye ukungu, jua lenyewe si la kutegemewa. Huko chungu bado hukaa pembeni mwa mafiga. Na fundi wa mjini aitwaye kwa sababu maji ya paani yanakohoa na kukoma hutafuta kwanza mahali ambapo bomba limepanda kisha likashuka.