Kadi ya mkopo katika biashara ya kukarabati na kuuza nyumba Marekani: pointi zinalipa kiasi gani?

Nchini Marekani ipo biashara ya siku nyingi ya kununua nyumba iliyochakaa, kuikarabati kwa wiki kadhaa na kuiuza kwa faida. Wenyewe huiita kupindua nyumba. Wengi wanaoifanya hulipia mbao, jipsamu, vigae, rangi na makabati ya jikoni kwa kadi ya mkopo badala ya fedha taslimu, ili pamoja na faida ya nyumba wavune pia pointi au marejesho ya fedha ambayo kampuni za kadi huwapa wateja wao. Makala haya yanaeleza mpango huo unavyofanya kazi, kiasi kinachopatikana kwa hesabu, na mahali unapogeuka kuwa hasara. Yanamhusu pia mfanyabiashara wa ukanda wetu anayealikwa na ndugu au rafiki aliyeko Marekani kuweka mtaji katika nyumba ya aina hiyo, kwani maneno kuhusu "pointi za bure" huwa hayakosi katika mazungumzo.

Hesabu ya nyumba kwanza

Wazoefu wa biashara hii hutumia kanuni inayoitwa ya asilimia 70. Hukadiria nyumba itauzwa bei gani ikishakarabatiwa, huchukua asilimia 70 ya bei hiyo, kisha huondoa gharama za ukarabati. Kinachobaki ndiyo bei ya juu kabisa ya kununulia. Kwa mfano, nyumba inayotarajiwa kuuzwa dola 270,000 na inayohitaji ukarabati wa dola 40,000: asilimia 70 ni dola 189,000, ukitoa 40,000 inabaki dola 149,000. Anayelipa zaidi ya hapo anakula faida yake mwenyewe kabla hajagonga msumari.

Ile asilimia 30 iliyoachwa si faida yote. Humo hutoka kamisheni za madalali na gharama za kuuzia, ambazo kwa pamoja zinaweza kufika asilimia 6 ya bei au kuzidi. Hutoka riba ya mkopo wa kununulia, kwani wengi hukopa kwa wakopeshaji binafsi wa muda mfupi ambao riba yao si ya benki. Asilimia 10 hadi 12 kwa mwaka ni jambo la kawaida, pamoja na ada ya asilimia 2 au 3 inayolipwa mwanzoni. Hutoka kodi ya nyumba, bima, umeme na maji kwa miezi yote ambayo nyumba haijapata mnunuzi.

Kwamba bei ya kununulia ndiyo inayoamua kila kitu lilithibitishwa na kampuni kubwa ya Zillow. Ilikuwa ikinunua nyumba kwa wingi kwa makadirio ya kompyuta na kuziuza tena, na Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo baada ya kufuta zaidi ya dola milioni 300 za thamani ya nyumba ilizokuwa nazo katika robo moja tu ya mwaka. Ilikuwa imenunua ghali. Hakuna kadi ambayo ingeiokoa.

Zawadi zenyewe

Kadi nyingi za biashara na za binafsi hurudisha kati ya asilimia 1 na 2 ya kila manunuzi. Citi Double Cash, iliyoanza mwaka 2014, hutoa asilimia 2: moja wakati wa kununua na nyingine wakati wa kulipa deni. Maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi nayo yana kadi zao. Lowe's imekuwa ikitoa punguzo la asilimia 5 papo hapo kwa mwenye kadi yake, na mwenzake Home Depot imekuwa ikimpa mteja wa kadi yake miezi 6 bila riba kwa manunuzi ya dola 299 au zaidi. Juu ya hayo kuna zawadi ya kukaribishwa kwa anayefungua kadi mpya, ambayo hutolewa akitumia kiasi fulani ndani ya miezi mitatu. Nyumba moja inaweza kutimiza masharti hayo kwa wiki mbili, na hiyo ndiyo sababu wapinduaji nyumba huzipenda kadi mpya.

Katika dola 40,000 za ukarabati, hata hivyo, si zote zinazopita kwenye kadi. Sehemu kubwa ni ujira wa mafundi, na fundi wa Marekani, kama fundi wa Kariakoo, anapendelea fedha mkononi au hundi. Mkandarasi anayekubali kadi mara nyingi huongeza ada juu ya bei kwa sababu naye anakatwa na kampuni za kadi. Visa imeweka ukomo wa ada hiyo kuwa asilimia 3 tangu Aprili 2023. Anayelipa ada ya asilimia 3 ili apate zawadi ya asilimia 2 amepoteza asilimia moja na hajapata kitu.

Tuseme basi vifaa vya dola 15,000 ndivyo vinavyolipiwa kwa kadi. Asilimia 2 ya hapo ni dola 300. Kwa nyumba ambayo kamisheni na gharama za kuuzia pekee zinazidi dola 16,000, hizo ni fedha za kununulia milango miwili. Si za kudharau, kwani milango miwili ni milango miwili, lakini hazitoshi kubadilisha uamuzi wa kununua au kuacha nyumba. Punguzo la papo hapo la asilimia 5 kwa vifaa hivyo hivyo ni dola 750, na halina masharti ya kukusanya pointi. Wapinduaji wa muda mrefu hulihesabu hilo mbele ya pointi za safari.

Siku za mali kauli

Faida kubwa zaidi ya kadi haimo katika zawadi. Imo katika siku. Kadi ya mkopo ni mali kauli: bidhaa zinachukuliwa leo na kulipiwa baadaye. Sheria ya kadi za mkopo ya Marekani ya mwaka 2009 inataka ankara itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Aliyenunua mwanzoni mwa mwezi wa ankara anaweza kukaa karibu siku 50 bila kulipa senti ya riba, mradi deni lote la ankara lilipwe kwa wakati. Ikumbukwe kwamba sheria hiyo inalinda zaidi kadi za watu binafsi. Kadi za biashara kwa sehemu kubwa haziguswi nayo, ingawa nyingi hutoa muda unaokaribiana na huo.

Siku hizo zina kazi maalumu. Mkopeshaji wa nyumba hizi hatoi fedha za ukarabati zote kwa mkupuo. Kazi hufanyika kwanza, mkaguzi wake huja kuangalia, kisha fedha za hatua hiyo hutolewa. Maana yake mwenye nyumba hutangulia kutoa zake. Msafirishaji anayejaza dizeli Dar es Salaam na kulipwa baada ya mzigo kushushwa Lubumbashi anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Kadi huziba pengo hilo: vifaa vinanunuliwa kwa kadi, kazi inafanyika, mkaguzi anapita, fedha za mkopeshaji zinaingia, ankara inalipwa yote. Hapo zawadi ya dola 300 ni ya kweli.

Mahali inapoharibika

Shida huanza pale mtu anaposubiri kulipa ankara kwa fedha za kuuzia nyumba. Kalenda haimruhusu. FHA, idara ya serikali inayodhamini mikopo ya nyumba na inayotumiwa sana na wanunuzi wa nyumba ya kwanza, haikubali mkataba wa mauzo uliosainiwa kabla ya siku ya 91 tangu muuzaji alipopata nyumba. Kanuni hiyo ilianza mwaka 2003 kuzuia ulanguzi, ikasimamishwa mwaka 2010 na kurudi baada ya mwaka 2014. Kwa hiyo hata fundi hodari aliyemaliza kazi siku ya 45 anaweza kumsubiri mnunuzi wa aina hiyo mwezi na nusu zaidi. Baada ya mkataba, benki ya mnunuzi huchukua siku 30 hadi 45 kukamilisha. Vifaa vilivyonunuliwa wiki ya pili vitakuwa vimepitisha muda wa bure miezi miwili kabla ya fedha kuonekana.

Wastani wa riba ya kadi za mkopo Marekani, kwa takwimu za Benki Kuu ya nchi hiyo, ulivuka asilimia 20 kwa mwaka mwaka 2023. Kwa asilimia 21, deni la dola 15,000 linazaa takriban dola 262 kila mwezi. Zawadi yote ya dola 300 inamezwa ndani ya wiki tano. Tena, kwa kawaida anayebakiza deni hupoteza muda wa bure hata kwa manunuzi mapya: rangi aliyonunua jana inaanza kuzaa riba jana hiyo hiyo.

Kadi za maduka zenye "miezi 6 bila riba" zina mtego wake. Riba haikufutwa, imeahirishwa. Miezi ikiisha na deni likabaki, hata dola 50, riba hudaiwa tangu siku ya kwanza ya manunuzi kwa kiasi chote kilichonunuliwa, na riba za kadi za maduka zimekuwa zikikaribia asilimia 30. Watu wengi wazima wenye akili zao wameanguka hapo kwa kukosea tarehe moja.

Lipo pia suala la alama za kukopesheka. Kiasi cha deni anachodaiwa mtu kinachangia asilimia 30 ya alama za FICO. Kadi iliyojazwa hadi karibu na ukomo hushusha alama hizo, na mwenye nyumba akienda kuomba mkopo wa nyumba ya pili anakutana na riba ya juu. Kadi nyingi za biashara hazipeleki taarifa za kila mwezi kwenye rekodi binafsi, ndiyo maana wazoefu huzipendelea. Lakini karibu zote hudai dhamana ya mtu binafsi. Kampuni ikishindwa, mwenye jina kwenye kadi hudaiwa yeye.

Kodi na ushirika

Mamlaka ya mapato ya Marekani, IRS, huchukulia zawadi inayotokana na manunuzi kuwa punguzo la bei wala si kipato. Vifaa vya dola 15,000 vilivyorudisha dola 300 huandikwa kuwa viligharimu dola 14,700. Mwaka 2021 Mahakama ya Kodi ya nchi hiyo iliamua kesi ya wanandoa waliojikusanyia zaidi ya dola 300,000 za zawadi kwa kununua kadi za zawadi kwa wingi. Zawadi za manunuzi hayo hazikutozwa, lakini zile zilizotokana na kununua hati za fedha moja kwa moja zilitozwa kodi. Faida ya nyumba yenyewe, kwa anayefanya kazi hii mara kwa mara, hutozwa kama kipato cha biashara, pamoja na kodi ya anayejiajiri ya asilimia 15.3.

Kwa anayeweka mtaji akiwa nje ya Marekani, mambo mawili yafaa yaandikwe kwenye mkataba mapema. La kwanza, pointi huingia kwa mwenye jina kwenye kadi, hata kama fedha za kulipia ankara zimetoka kwa wote. Mkataba useme kama dola hizo 300 zitaondolewa kwenye gharama za pamoja au la, na nani atabeba riba ankara ikichelewa. La pili ni kubwa zaidi. Mgeni anapouza nyumba Marekani, mnunuzi hutakiwa kuzuia asilimia 15 ya bei nzima ya mauzo, si ya faida, na kuipeleka IRS hadi kodi halisi ihesabiwe. Kwa nyumba ya dola 270,000 hizo ni dola 40,500. Mnunuzi akitaka kuishi humo na bei isizidi dola 300,000, zuio hilo linaweza kuondolewa, na hati ya kuonyesha hivyo hutayarishwa kabla ya siku ya kukabidhiana nyumba.