Cheche Bila Betri

Wengi hawajui kwamba BSA Bantam, pikipiki ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1948, asili yake ni Ujerumani. Michoro ya DKW RT 125 ilichukuliwa baada ya vita kama fidia. Waingereza wakaigeuza, gia ikahamia kulia. Warusi na Wamarekani nao wakaunda zao.

Yangu niliinunua kuukuu mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana. Asubuhi moja ilikataa kuwaka. Nikamkaripia mbele ya wenzake mwanafunzi aliyeiosha, kwamba ameua betri. Aibu ilioje! Pikipiki ile ilikuwa ya magneto: sumaku zilizo katika gurudumu zito la injini ndizo zinazozalisha umeme wa cheche. Betri ilikuwa ya taa tu.

Kijana hakubishana. Alifungua plagi, akaigusisha na injini, akapiga kiki: hakuna cheche. Akafungua kifuniko, akasugua pointi zilizojaa mafuta, akarekebisha mwanya wake hadi inchi 0.015. Cheche ya buluu ikaruka.

“Sasa itawaka, Mwalimu,” akasema, bila kunitazama.

Sikumwomba radhi siku ile. Nilimwomba miaka mingi baadaye, naye akasema ameshasahau. Labda ilikuwa adabu tu.