Risasi za shabaha za rivolva

Risasi za shabaha za rivolva ni risasi za nguvu ndogo zinazotumika katika michezo ya kulenga. Mfano maarufu ni .38 Special ya Smith & Wesson, iliyobuniwa mwaka 1898. Kila risasi ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki, baruti na kichwa. Kichwa cha shabaha hutengenezwa kwa madini laini ya risasi, huwa na uzito wa takriban gramu 9.6, na ncha yake bapa hutoboa karatasi tundu safi, hivyo alama husomeka bila ubishi. Baruti inayofaa ni ile inayoungua haraka. Kwa kuwa hujaza sehemu ndogo tu ya ganda, kipimo chake kikirudiwa kwa bahati mbaya huweza kupasua silinda; ndiyo maana kila ganda hukaguliwa kabla ya kufungwa.

Nchini Uganda, umiliki wa silaha na risasi, zikiwemo hizi za shabaha, husimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970. Kiwanda cha risasi cha Luwero Industries, chini ya shirika la jeshi NEC, kiko Nakasongola, kaskazini mwa Kampala.