Mkono wa Kushoto Uachwe Huru

Katika miji ya Japani ya miaka ya 1950, kijana wa kupeleka tambi za soba majumbani alitambulika kwa namna alivyoendesha baiskeli. Mkono wa kulia ulishika usukani. Wa kushoto uliinua sinia hadi begani, na juu ya sinia mabakuli yamepangwa safu juu ya safu. Kijana huyo angepewa pikipiki ya wakati ule, tambi zingemwagika kwenye njia panda ya kwanza, kwa sababu kwenye pikipiki mkono wa kushoto ndio wa klachi.

Kazi ya klachi ni kuachanisha injini na gurudumu. Mwenye baiskeli akitaka kusimama huacha kupiga pedali, basi. Injini ya petroli haina subira hiyo: gurudumu likisimama nayo ikiwa bado imeshikana nalo, inazimika. Kwa hiyo tangu watu walipoanza kufunga injini kwenye baiskeli, ilibidi waamue nani atafanya kazi ya kuachanisha na kuunganisha: mkono wa mwendeshaji, au chombo chenyewe.

Ulaya iliyotoka kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa na baiskeli nyingi na fedha kidogo, na kila kiwanda kilijibu swali hilo kivyake. VéloSolex ya Ufaransa, iliyoingia sokoni mwaka 1946, ilibeba injini juu ya gurudumu la mbele, ikilisukuma tairi kwa gurudumu dogo la kusugua. Klachi haikuwepo. Mwendeshaji alivuta mpini, injini ikainuka kutoka kwenye tairi, chombo kikawa baiskeli tena. Cyclemaster ya Uingereza, ya mwaka 1950, ilificha injini ndani ya gurudumu la nyuma na kuweka mkono wa klachi kwenye usukani. NSU Quickly ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1953, iliupa mkono wa kushoto kazi mbili kwa mpigo: kushika klachi na kuzungusha kishikio ili kubadili gia. Haikuwazuia wateja, Quickly zaidi ya milioni moja zilitengenezwa.

Njia ya pili ilitegemea kasi ya injini yenyewe. Klachi otomatiki ya aina hii ina viatu vidogo vilivyobanwa na springi, vikizunguka ndani ya ngoma ya chuma. Injini ikinguruma polepole, springi huvizuia viatu visiguse ngoma. Mafuta yakiongezwa, viatu hutupwa nje kama maji yanavyokimbilia ukuta wa ndoo inayozungushwa, vinaibana ngoma, na chombo kinaondoka. Mwendeshaji hashiki kitu.

Kasoro yake hujitokeza asubuhi, wakati wa kuwasha. Ikiwa viatu haviigusi ngoma mpaka injini izunguke kwa kasi, pedali zitaiwashaje injini iliyolala? Mobylette, iliyoanza kutengenezwa na Motobécane ya Ufaransa mwaka 1949, ilipata jibu katika miaka ya 1950 kwa klachi iliyoitwa Dimoby. Ndani yake mlikuwa na klachi mbili: moja ya kuunganisha gurudumu na injini wakati wa kuwasha kwa pedali, nyingine ya kuondokea injini ikishawaka. Mobylette ilisafiri mbali na Ufaransa. Jiji la Ouagadougou lilijulikana kwa miaka mingi kwa misururu yake ya vyombo hivyo.

Japani, Soichiro Honda alianza kwa njia ya kubahatisha. Mwaka 1946, mjini Hamamatsu, alinunua injini ndogo za jeshi zilizokuwa za kuzalishia umeme wa redio, akazifunga kwenye baiskeli. Zilipokwisha akatengeneza yake, Honda A ya mwaka 1947, ambayo watu waliibandika jina la "bata-bata" kwa mlio wake. Mwaka 1949 ikafuata Dream D, pikipiki kamili yenye injini ya sentimita za ujazo 98. Humo Honda aliondoa klachi ya mkono. Gia zilibadilishwa kwa mguu, lakini mwendeshaji alilazimika kuendelea kukandamiza kanyagio kwa ncha ya kiatu ili gia ya chini isiachie. Waendeshaji walichoka na mauzo yakashuka. Mkono ulipumzishwa, mguu ukapewa adhabu.

Mwishoni mwa mwaka 1956 Honda na mshirika wake wa biashara, Takeo Fujisawa, walikwenda Ulaya na kuchunguza vyombo vidogo vya huko. Fujisawa alitaka kitu ambacho mtu asiyewahi kupanda pikipiki angeweza kukinunua. Honda akawawekea wahandisi sharti moja: mpeleka soba aweze kukiendesha kwa mkono mmoja.

Super Cub ilitoka Agosti 1958 kwa bei ya yeni 55,000. Haikuwa na mkono wa klachi. Klachi otomatiki iliitoa pale iliposimama, na gia tatu zilibadilishwa kwa kanyagio la mguu wa kushoto ambalo, kila likibonyezwa, liliiachia klachi kabla ya kusogeza gia. Hata swichi ya taa za kuonyeshea kona iliwekwa upande wa kulia. Dereva alibaki na gia zake, mkono wa kushoto ukabaki na sinia. Kufikia mwaka 2017 Super Cub milioni 100 zilikuwa zimetengenezwa.

Pamoja na ushindi huo, klachi ya mkono haikufa. Anayefunga leo kwenye baiskeli yake injini ya mapigo mawili kutoka China hukutana nayo tena, ikiwa na pini ndogo ya kuifungia ili akisimama aweze kuachia mkono. Hupiga pedali huku ameshika klachi, akipata mwendo anaiachia, gurudumu linaigeuza injini na injini inawaka. Hakuna kamba ya kuvuta wala kiki. Injini nyingi za mapigo manne za sentimita za ujazo 49 huja na klachi ya viatu. Hizo ni tulivu zaidi na rahisi kwa anayejifunza, ila ni nzito, ni pana kati ya pedali, na huwashwa kwa kamba.

Mlimani tofauti huonekana zaidi. Chombo cha gia moja kikipanda polepole na mzigo, viatu huteleza kwenye ngoma, hupata moto na kulika. Mwenye klachi ya mkono huamua mwenyewe nguvu ishike kiasi gani, na lini.

Hesabu hiyo inajulikana vizuri Afrika Mashariki. Bodaboda ilianza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, kisha ikahamia kwenye pikipiki. Zilizotawala barabara ni za India na China, kama Bajaj Boxer, zenye gia na klachi ya mkono. Abiria wawili na gunia hupandishwa mlima kwa vidole vya mkono wa kushoto, na sahani za klachi zikiisha, fundi wa kando ya barabara huzibadilisha.

Tangu mwaka 2019 kampuni ya Ampersand imekuwa ikiingiza pikipiki za umeme kwenye usafiri wa abiria mjini Kigali. Mota ya umeme hutoa nguvu tangu mzunguko wa kwanza na haizimiki chombo kikisimama, hivyo klachi haihitajiki, iwe ya mkono au otomatiki. Anayechagua chombo cha kazi hapo haulizi tena habari za klachi. Anauliza kituo cha kubadilishia betri kiko umbali gani.