Msuka wa Kisu na Chapa Yake

Msuka ni sehemu ya chuma cha kisu, jembe, panga au tupa inayoingia ndani ya mpini. Haina makali, kazi yake ni kuunganisha bapa na mpini. Wingi wake ni misuka, na neno hili lina upatanisho wa "msuka huu, misuka hii". Lisichanganywe na msuka, wingi wasuka, yaani mtu anayesuka mikeka.

Umbo la msuka hubadilika kulingana na zana, na mkulima au mvuvi wa kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya anayajua maumbo hayo kwa mkono. Msuka wa jembe la mhunzi umechongoka kama msumari na hupenya tundu la mpini. Msuka wa panga ni bapa, umebanwa kwa ribiti kati ya vibao viwili. Kisu, ambacho kwa Kijaluo huitwa pala, huweza kuwa na mojawapo ya misuka hiyo. Kisu cha kukunja ni tofauti: msuka wake ni mfupi, una tundu la pini ambayo bapa huizunguka, na kisogo chake huegemea kamani inayolizuia bapa lisijifunge ovyo.

Bapa linapofunguliwa, kipande cha msuka hubaki wazi kati ya makali na mpini. Hapo ndipo watengenezaji wengi hupiga alama yao, na alama hiyo inafaa kuitwa chapa ya msuka. Neno "nembo" halitoshi, kwa kuwa nembo yaweza kuchorwa au kubandikwa popote, hata kwenye mpini. Chapa hupigwa ikaingia mwilini, kama ile ya ng'ombe.

Chapa hutaja kiwanda, mji au nchi. Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza, walitumia nyota na msalaba. Alama ya pacha ya J. A. Henckels wa Solingen, Ujerumani, iliandikishwa mwaka 1731. Mkono wenye taji wa Opinel, kutoka Ufaransa, ulianza mwaka 1909, na jina Victorinox, la Uswisi, mwaka 1921. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa kutoka nje zitaje nchi zilikotoka. Ndiyo maana jina la nchi kwenye msuka mara nyingi huashiria kisu cha baada ya hapo. Alama ya mshale mpana ni ya mali ya serikali ya Uingereza. Huonekana kwenye visu vya jeshi vya Vita Vikuu vya Pili, ambavyo vingi vina bapa, kifungulia makopo na shazia ya kufungulia mafundo.

Mpini wa kisu cha kukunja kwa kawaida ni vibao viwili, kimoja kila upande, na malighafi yake hutambuliwa kwa macho, uzito au harufu. Mfupa una vitundu na mifuo midogo myeusi. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo. Ikikatwa kwa upana, huonyesha mistari inayokatana. Pembe ya ng'ombe ina tabaka na huweza kubanduka kingoni. Mpingo ni mweusi na mzito. Seluloidi hunuka kafuri, na ikioza hutoa mvuke unaotia kutu chuma kilicho karibu.

Vibao vikivunjika huweza kubadilishwa, kwa hiyo mpini peke yake hauthibitishi asili ya kisu. Msuka husomwa kwanza. Hata hivyo, malighafi ya mpini ina uzito wake kisheria. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumiliki nyara bila kibali, ziwe pembe za ndovu au za korongo, mnyama ambaye nchini Kenya amebaki porini katika Hifadhi ya Ruma, Homa Bay, pekee. Pembe ya ng'ombe haimo katika katazo hilo.