Lori la Mkulima na Safari ya Kurudi: Habari za Nauli za Mizigo Nchini Marekani

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki cha ukumbusho wanachama watasoma habari za mizani, maghala na malipo ya Chama Kikuu chetu katika miaka hii 10. Mimi nimeombwa kuandika juu ya nauli ya kuchukua mazao, na nimeona ni heri niwapeleke wasomaji mbali, hata Marekani. Huko ugomvi wa nauli baina ya wenye malori wadogo na makampuni makubwa ya uchukuzi ulidumu zaidi ya miaka 40, na wakulima pamoja na vyama vyao vya ushirika walikuwamo tangu mwanzo.

Kila mkulima ajua kwamba fedha anazotia mfukoni ni bei ya sokoni iliyokwisha kupunguzwa nauli. Lakini si kila mtu aliyepata kufikiri kwamba nauli hiyo ina safari mbili ndani yake, ya kwenda na ya kurudi. Lori likirudi tupu, dizeli ya kurudi na mshahara wa dereva wa kurudi hulipwa na shehena iliyokwenda, yaani mazao. Ugomvi nitakaousimulia, ijapokuwa ulipambwa kwa maneno mengi ya mawakili, kiini chake kilikuwa safari hiyo ya kurudi.

Wakulima wa Marekani walionja uchungu wa nauli kwanza kwa reli. Katika karne ya 19 mji mwingi ulikuwa na reli moja tu, na mwenye reli alitoza apendavyo, hata mara nyingine safari fupi ikagharimu zaidi kuliko ndefu katika njia ile ile. Chama cha wakulima kilichojulikana kwa jina la Grange, kilichoanzishwa mwaka 1867, kilipigania sheria za kuwazuia, na mwaka 1887 Serikali ikaunda Tume ya Biashara baina ya Majimbo ili isimamie nauli za reli. Wakulima walishangilia. Hawakujua kwamba Tume hiyo hiyo ingekuja kuwa mlinzi wa wachukuzi.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza malori yakaanza kuenea. Mtu mwenye fedha kidogo aliweza kununua lori kwa mkopo, akapakia mboga usiku, akafika mjini alfajiri. Katika shida ya fedha ya miaka ya 1930 watu wa namna hiyo waliongezeka sana, na wakachukua mizigo kwa bei yo yote iliyowapa mafuta na chakula. Wenye reli walilalamika, na makampuni makubwa ya malori yakalalamika pamoja nao. (Malalamiko hayo hayakuwa ya Marekani peke yake. Katika nchi zetu pia Serikali za kikoloni za wakati ule ziliweka sheria za kuyazuia malori yasishindane na reli.) Mwezi wa Agosti, 1935, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria iliyoyaweka malori yaendayo baina ya majimbo chini ya Tume.

Sheria hiyo ilisema kwamba mchukuzi aliyekuwa akifanya kazi tarehe 1 Juni, 1935, angepewa hati ya njia zake na mizigo yake. Ajaye baadaye sharti athibitishe kwamba watu wanamhitaji. Maombi ya kwanza yalizidi 80,000, na mengi yakakataliwa au yakaachwa njiani. Mtu mpya alipoomba, makampuni yenye hati yalifika mbele ya Tume na kusema, “Sisi twaweza kuichukua mizigo hiyo,” na mara nyingi maneno hayo yalitosha kumrudisha nyumbani. Hati zikawa mali ya kuuzwa na kununuliwa kwa bei kubwa. Tena mwaka 1948 Kongresi, ikipuuza kura ya Rais Truman ya kuikataa sheria hiyo, iliwaruhusu wachukuzi kukutana na kupatana nauli pamoja, jambo ambalo kwa wafanyabiashara wengine lingekuwa kosa.

Tuwe wa haki. Makampuni makubwa yalikuwa na hoja yao. Mwenye hati alipaswa kuhudumia hata mji mdogo wenye mizigo haba, kwa nauli iliyotangazwa kwa watu wote. Mwenye lori lake moja huchagua shehena nono na kuiacha iliyokonda. Walakini hoja njema mikononi mwa mtu asiye na mshindani huzeeka upesi.

Wakulima walikuwa wameachiwa milango miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mazao yenyewe: lori lililochukua mifugo, samaki au mazao ya shamba yasiyotengenezwa kiwandani halikuhitaji hati ya Tume wala kufuata nauli zake. Wa pili ulikuwa wa malori ya vyama vya ushirika vya wakulima. Kwa mlango wa kwanza maelfu ya wenye malori wa kujitegemea walipata riziki, wakitoa machungwa Florida na mboga California hata miji ya kaskazini na mashariki. Lakini huko mjini hakukuwa na mazao ya kurudisha. Kulikuwa na viatu, mashine na rangi, vitu ambavyo mwenye hati peke yake aliruhusiwa kuvichukua.

Basi wakazoea kumkodisha mwenye hati lori na dereva kwa safari moja tu ya kurudi. Kampuni ilikata fungu lake, na mwenye lori akapata kitu badala ya kurudi mikono mitupu. Mwaka 1951 Tume ilitoa amri kwamba ukodishaji wa namna hiyo usipungue siku 30, na mwaka 1953 Mahkama Kuu ilisema Tume ina uwezo huo. Kwa mtu wa mboga amri hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa barabara, kwani nani aweza kumwachia mwingine lori lake siku 30 na mavuno yangali shambani? Ilibidi kilio cha wakulima kifike Kongresi, na mwezi wa Agosti, 1956, malori ya mazao yakatolewa katika amri hiyo.

Mwaka huo huo Mahkama Kuu iliamua kesi ambayo wengine waliicheka, nami naona ilikuwa na maana kubwa: kuku aliyechinjwa, akanyonyolewa na kugandishwa kwa barafu, je, bado ni zao la shamba, au ni kitu cha kiwandani? Tume ilishika kwamba ni cha kiwandani. Mahkama ikasema kwamba kuku huyo angali kuku. Baadaye Wizara ya Kilimo ilipima nauli za kuku kabla na baada ya mlango kufunguliwa, ikaona zimeshuka kwa wastani wa kama thuluthi moja. Barabara zilikuwa zile zile na malori yale yale. Kilichoongezeka ni watu walioruhusiwa kuwania shehena.

Wenye hati hawakulala. Mwaka 1958 sheria mpya ilirudisha chini ya Tume matunda na mboga zilizogandishwa, na pamoja nazo ikataja buni za kahawa, chai, ndizi na kakao. Hapa sisi tulioko mbali twaguswa kidogo. Gunia la kahawa lililoshushwa bandarini Marekani, hata likiwa limetoka katika milima yetu, halikuweza tena kupakiwa na mwenye lori asiye na hati. Mkulima aliyeipalilia kahawa hiyo hakuulizwa neno.

Mlango wa pili ulikuwa na mashaka yake. Lori la ushirika lilipeleka nafaka au matunda ya wanachama, nalo likakabili taabu ile ile ya kurudi tupu. Mwaka 1965 mahkama ya rufani ilikubali kwamba chama kiweze kupakia mizigo ya watu wengine katika kurudi, mradi iwe ya kusaidia tu kazi ya wanachama. Punde wakatokea wenye malori walioandikisha “vyama” ambavyo wanachama wake hawakuonekana katika mkutano wo wote, wala hawakupata gawio. Ushirika wa jina tu uliwaponza wenye ushirika wa kweli, kwa kuwa mwaka 1968 Kongresi iliweka mpaka: mizigo isiyo ya kilimo ya watu wasio wanachama isizidi asilimia 15 ya uzito wote wa mwaka. Wakaguzi wetu wa hesabu wataelewa kwa nini mpaka huo ulihitajiwa.

Mwezi wa Juni, 1979, wenye malori wa kujitegemea waligoma kwa sababu ya bei ya dizeli, na mboga na matunda yakakwama. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai, 1980, Rais Carter alitia sahihi sheria iliyolegeza hati na nauli, ingawa makampuni makubwa na chama cha madereva cha Teamsters walipinga kwa nguvu. Mpaka wa vyama vya ushirika ukapandishwa kuwa asilimia 25. Tume yenyewe ilifungwa mwishoni mwa mwaka 1995.

Matokeo yake hayakuwa ya upande mmoja. Baina ya mwaka 1977, Tume ilipoanza kulegea, na mwaka 1982, nauli za shehena za lori zima zilishuka kwa kama robo, ukiondoa kupanda kwa bei za vitu. Kufikia mwaka 1990 wachukuzi wenye ruhusa walizidi 40,000, zaidi ya maradufu ya hesabu ya mwaka 1980. Wenye mizigo walifurahi, wakulima nao kwa mizigo yao iliyopitia viwandani. Lakini mishahara ya madereva ilipungua, makampuni mengi ya zamani yakaanguka, na mahali pake yakainuka makampuni mapya makubwa, yenye maelfu ya malori na uwezo wa kununua dizeli kwa jumla. Mwenye lori moja, aliyetamani miaka yote hiyo kuruhusiwa kuchukua shehena yo yote ya kurudi, sasa aliruhusiwa. Alipofika kwa dalali wa mizigo kuiulizia, aliwakuta wenzake wengi wamekwisha tangulia, na kila mmoja ametaja nauli ndogo kuliko ya mwenziwe.